Vijiko Vilivyofungiwa Kabatini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, bibi mmoja alikataa shikamoo yangu mbele ya darasa zima. Jana nilipopita shuleni unakofundisha nikaona boksi la vifaa vya sayansi kimu, lile somo la mapishi na malezi, bado limefungwa nailoni yake, hasira zikanipanda upya. Kaa hapo unisikilize.

Nilikuwa mwalimu kijana, huku juu milimani, Vuga. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yaliyozoea kukaa matupu yakaanza kujaa vitu vya nje. Wazazi walichanga magunia ya karoti, mwalimu mkuu akayapeleka Tanga kuyauza, akarudi na boksi: sufuria, jagi la kupimia, vijiko vya kila ukubwa, vyote vinang'aa. Nikavifungia kabatini. Nilitaka mkaguzi akija avikute vipya. Ujinga mtupu, na nilijiona mwalimu hodari.

Siku ya somo la kumhudumia mtoto anayeharisha nilikwenda darasani na chupa ya maji ya lita moja, mchanga kidogo, na kijiko changu cha kulia wali. Nikawaambia, "Tuseme huu mchanga ndio chumvi, na hiki ndicho kijiko cha chai." Wakaandika: nusu kijiko cha chumvi, vijiko sita vya sukari. Ningetumia chumvi yenyewe ningeonja, nikajua nimekosea. Mchanga nani anaonja?

Juma lile lile Zaina, msichana wa darasa la sita, aliachiwa mdogo wake ambaye hata kutembea hajaanza. Mama yao alikuwa bondeni kwenye kabichi. Mtoto akaharisha asubuhi nzima. Zaina akachanganya maji ya chumvi na sukari kama nilivyomwonyesha, kwa kijiko kikubwa kama changu. Bibi yao alipoingia alikuta kikombe kiko mdomoni mwa mtoto. Akakinyakua, akaonja, akatema. Angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunachimba kaburi.

Kesho yake bibi alikuja darasani na maji yale ya Zaina kwenye chupa. Watoto walisimama wakamwamkia, akawaitikia marahaba. Nami nikasema shikamoo. Hakuitikia; alinisogezea ile chupa.

"Onja, mwalimu."

Nikaonja. Ilikuwa chumvi tupu, nikatema.

"Mjukuu wangu hana kosa," alisema. "Kafanya ulichomwonyesha. Karoti zetu ziko wapi?"

Nilifungua kabati. Akakitafuta mwenyewe kijiko cha chai, akamkabidhi Zaina, akaenda zake.

Tangu hapo nilimwamkia kila siku ya gulio, asiitikie. Mpaka alipopita dirishani akaona sufuria zimejaa masizi, na watoto wanapima chumvi ya kweli na kuionja. Nikatoka nje nikamwamkia. Akasema marahaba, nami nikalia pale pale mlangoni.

Sasa wewe unataka kurudia upumbavu wangu, na mimi sikubali. Kesho asubuhi ichane nailoni ile. Mpe mtoto kitu chenyewe akishike, akipime, akionje, maana nyumbani atafanya kile mikono yake ilichozoea. Kijiko kikipotea, kipotee. Mkaguzi akilalamika vimechakaa, mwambie vilikuwa kazini.

Nenda, mwanangu. Mungu ailinde mikono yako na watoto wanaoitazama, na kila mzee utakayemwamkia katika milima hii akuitikie.