Maji Niliyokataa Kumpulizia Furaha

Utoto wangu wote kule Muheto, milimani juu ya ziwa, nilimwonea wivu dada yangu Furaha. Papa alimpa yeye maziwa ya kwanza ya asubuhi, akampa yeye kuchunga ndama, na tena akampa mbwa, ambaye alilala naye katika blanketi moja na kula naye sahani moja. Mimi nilipewa kuokota kuni.

Nilipotimiza miaka tisa, tumbo la Furaha lilianza kuvimba upande wa kuume, chini ya mbavu. Ukiligusa, lilikuwa gumu kama boga. Koko, mama yake Papa, hakukosa misa hata Jumapili moja, lakini alikuwa na mambo yake ya zamani. Alituketisha jikoni.

“Hii haiko ugonjwa ya bure,” alisema. “Kuko muntu humu mu nyumba anamuonea wivu. Akamate maji mu kinywa, amupulizie mutoto, aseme wivu yake. Akikataa, mutoto atakufa.”

Hakumtazama mtu. Nilijua ni mimi.

Papa alikuwa amekwisha kuamua kumpeleka hospitali, kule chini ziwani. Asubuhi ya safari nilitia maji kinywani, nikamngoja mlangoni. Furaha akatoka amevaa robo mpya, gauni la maua ambalo Papa amemnunulia. Mimi sikuwahi kuvaa robo ambayo haikuanza kuwa yake. Nikayameza yale maji.

Wanaume wanne wakamweka katika kipoyi, machela ya miti, wakateremka naye, Papa nyuma yao. Majuma matano nilingoja aletwe maiti. Kila mgeni aliyepanda kilima, nilijificha zizini nisisikie habari.

Walirudi, Furaha akitembea kwa miguu yake.

“Docteur alimupasua,” Papa alitueleza. “Mu maini mulikuwa mufuko ya maji. Akavuta maji na sindano, kisha akatosha inje mufuko yenyewe, nyeupe. Anasema inatoka ku mbwa. Mayai ya mududu inabaki mu manyoya, mutoto anashika, anakula bila kunawa.”

Majirani walimletea Furaha mayai na kuku, wakaomba waone kovu. Na mimi, niliyekesha nikimlilia, nikaona wivu upya. Basi nikamvuta nyuma ya nyumba, nikampulizia maji tumboni.

“Kumbe njo wewe mwenye wivu?” aliuliza.

“Njo mie.”

“Umechelewa. Docteur amekwisha maliza.” Akacheka, mkono juu ya kovu, maana kucheka kulimuuma bado.

Sasa mimi ni mzee, na ninajua daktari alisema kweli: wivu wangu haukuingia katika ini la mtu. Lakini asubuhi ile sikuwa na daktari wa kuniambia. Niliamini kwamba uhai wa dada yangu umo kinywani mwangu, nikayameza maji. Furaha alinisamehe akicheka, kwa kuwa alidhani ninatubu wivu tu. Hayo mengine sikumwambia kamwe.