Nilivyookoa projekta ya kanisa isipigwe mnada: kila programu kujifungua kwa workspace yake

Wakuu, niaje. Hii ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kucheka acheke tu.

Mimi ni fundi wa simu hapa Kaptembwo. Jumamosi napanda kwenda nyumbani Mau Narok, na Jumapili mimi ndiye mtu wa laptop na projekta kanisani. Laptop yenyewe ni nzee, betri ilishakufa, kwa hivyo stima ikipotea nayo inazima.

Na mnajua stima ya huku juu, ikiona wingu tu imekimbia.

Niliiwekea Linux, mfumo mwepesi, ikawa inawaka vizuri. Shida ilikuwa baada ya kuwaka. Nifungue nyimbo, nifungue Biblia, nifungue matangazo, kisha nianze kuzitafuta moja moja huku kanisa lote limegeuka kuniangalia.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa akachoka. Kwetu viazi, kabeji na kuku za sadaka hupigwa mnada nje baada ya ibada. Akaniita kando.

"Kijana, hii projekta ikiendelea kutuaibisha, Jumapili ya mavuno naiweka kwa mnada pamoja na viazi. Turudi kwa vitabu."

Hapo aliniguza pabaya. Shosho, yaani nyanya yangu, macho yamefifia, maandishi ya kitabu cha nyimbo haoni hata akivaa miwani. Kwa muda mrefu alikuwa anakaa kimya wenzake wakiimba. Projekta ilipokuja na herufi kubwa, akaniambia, "Sasa hata mimi nasoma ukuta." Kuiuza ni kumnyamazisha tena, na mimi singekubali.

Nikaingia Startup Applications, nikaweka zote tatu zijifungue laptop ikiwaka. Zikajifungua, lakini zote kwa workspace moja, yaani skrini moja kati ya zile kadhaa Linux inakupa, zimelaliana.

Mkuu mmoja humu akanielekeza kwa wmctrl, ile command ya kuhamisha window. Ubarikiwe sana. Nikaandika script: fungua zote, ngoja sekunde tano, nyimbo zibaki workspace ya kwanza, Biblia iende ya pili, matangazo ya tatu.

(Jueni wmctrl inahesabu workspace kuanzia sifuri. Ya kwanza ni 0. Hilo lilinimalizia mchana mzima.)

Nyumbani nikajaribu. Logout, login, kila moja kwake. Nikajipiga kifua.

Jumapili stima ikapotea, ikarudi, nikawasha laptop. Nyimbo zikatokea. Nikashusha pumzi.

Kumbe matangazo yalichelewa kufunguka. Zile sekunde tano ziliisha kabla window yake haijatokea, script ikaikosa. Ilipofika ikakaa juu ya nyimbo, na tangazo la kwanza lilikuwa picha ya jogoo wa kupigwa mnada.

Kanisa likaimba wimbo wa toba likiangalia jogoo.

Watoto walicheka mpaka mwalimu wao akawatoa nje. Mwenyekiti hakucheka. Jumapili iliyofuata ndiyo ya mavuno, na aliniambia karatoni ya projekta ameshaitafuta.

Wiki hiyo nilikosa raha. Nilipokuja kufikiria vizuri nikaona kosa. Nyumbani nilikuwa nalogout tu, programu bado ziko kwa memory, zinarudi mbio. Stima ikipotea zinaanza kutoka sifuri, na hiyo laptop haina haraka na mtu.

Nikaondoa zile sekunde. Sasa script inaangalia orodha ya windows, inarudia kuangalia mpaka ione jina la programu, ndipo inaihamisha. Mwisho inarudi kwa workspace ya nyimbo. Safari hii nikajaribu kwa kung'oa waya ukutani, tena na tena.

Shosho akaniuliza, "Wewe, mbona unaiua hivyo?"

"Naifundisha kuamka, shosho."

Jumapili ya mavuno, stima ikaenda wimbo ukiwa katikati. Wenye vitabu wakaendelea. Shosho akanyamaza, mikono mapajani.

Stima ikarudi. Nikawasha projekta, nikawasha laptop, nikakunja mikono.

Nyimbo zikaja mbele. Biblia kwake, matangazo kwake. Nikachagua ubeti tu.

Halafu nikasikia sauti ya shosho ikiingia, nyuma kidogo ya wengine, na juu kuliko wote. Nilifurahi mpaka nikainamia keyboard watu wasinione.

Ibada ilipoisha, huko nje karatoni tupu ya projekta ilikuwa tayari kwa meza ya mnada. Mwenyekiti akaishika, akaipachika kwapani.

"Hii haiuzwi. Leteni kabeji."

Nilichojifunza: jaribu kitu vile kitakavyokufa, usikijaribu vile unapenda kiishi. Na usiambie script ingoje muda, iambie ingoje kitu chenyewe.

Kama unatumia njia nyingine weka hapa tujifunze. Na anayejua vile programu ya nyimbo inaweza kufunguka kwa ubeti uleule tulioachia, tafadhali aseme. Shosho amelalamika kwamba nilimrukisha mmoja.