Redio Isiyoshika Kituo

Watu walisema namlaza mtoto wangu kwa sauti ya shetani. Walisema hivyo wakiwa wamekaa kwangu, wakila bugali yangu, huku vipaza sauti vya baa vikitikisa sahani zetu kutoka nyuma ya ukuta. Muziki wa baa hakuna aliyeuita wa shetani.

Tulikuwa tumehamia Bunia kutoka Butembo mwanzoni mwa miaka ya themanini, mume wangu na mimi na binti yetu aliyekuwa bado ananyonya. Mume wangu alifanya biashara ya samaki wa chumvi. Alikuwa akiwafuata Mahagi-Port, anarudi nguo zikinuka ziwa. Nyumba tuliyopata mtaa wa Nyakasanza ilikuwa nzuri, ila ubavuni kulikuwa na mashini ya kusaga mihogo na nyuma kulikuwa na hiyo baa. Mashini iliwaka, ikanyamaza, ikawaka tena. Kila ilipowaka, mtoto alishtuka mgongoni kwangu kama aliyepigwa. Baa nayo ilifungulia muziki hata kabla watu hawajatoka kazini. Mtoto hakulala mchana, na asiyelala mchana hana amani saa yoyote. Alikonda. Mimi pia nilikonda.

Siku moja mume wangu alikuwa akitafuta habari kwenye redio yetu ndogo ya betri. Kituo kikapotea, ikabaki ile sauti ya shshsh tu, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Mtu akamwita uani, akatoka bila kuizima. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza. Akasikiliza. Akalala. Mashini ikawaka, hakushtuka.

Kuanzia hapo redio ikawa yaya wangu. Lakini mtu asinisingizie kwamba sikujiuliza. Sikio la mtoto ni kitu laini, na niliogopa. Niliitoa kando ya kitanda nikaiweka juu ya kabati, nikaifunika kwa kikwembe changu cha kujifunga, nikapunguza sauti mpaka mimi mwenyewe nikiwa mlangoni naisikia kwa shida. Kila mtoto alipoamka nilisimama nyuma yake nikagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, polepole, nione kama atageuka. Aligeuka. Kila siku aligeuka, na kila siku moyo wangu ulisimama kwanza.

Mama mkwe alipokuja kutoka Butembo kumwona mjukuu, hakuuliza lolote kati ya hayo.

"Weye mama, iko unaua masikio ya mutoto," alisema. "Siye tulikuza batoto bila radio, na bote banasikia."

"Mama, kwenu hakukuwa na baa nyuma ya nyumba."

"Baa njo inakufundisha kunijibu?"

Mkamwana hana mdomo. Lakini jioni hiyo nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda moja kwa moja kwa mwenye baa. Nilimsalimu vizuri, nikamwomba apunguze muziki saa za mchana tu, mtoto apate kulala.

Akacheka. "Mama, mimi nasikia kwako munawekea mutoto radio. Sasa kelele ya kwako ni dawa, ya kwangu ni sumu? Rudia nyumbani, mama."

Kumbe maneno ya nyumbani kwangu yalikuwa yameshafika mpaka kwenye meza za pombe!

Kisha lile tuliloliogopa likaja. Mtoto alikuwa ameanza kutembea. Nikaona kwamba nikigonga kifuniko upande wa kuume, hageuki. Akawa anavuta sikio hilo na kulia. Nilimpeleka dispanseri mbio. Infirmiye, muuguzi wa pale, alikaa nyuma ya meza, na mama mkwe, aliyekuwa bado kwetu na aliyenisindikiza, akamweleza habari za redio kabla sijafungua mdomo. Huyo mwanamume hakuinuka. Hakuligusa sikio. Hakuliangalia.

"Ni ile radio," alisema. "Mama, mutoto wako atakuwa kiziwi, na ni weye."

Ni weye! Jioni hiyo mume wangu aliichukua redio akaipeleka kwenye duka lake sokoni, asinitazame. Wamama wa kanisani walikuja kuniombea mimi, si mtoto. Nilipiga magoti katikati yao nikiwa na hasira hata sikuweza kusema amina.

Asubuhi iliyofuata sikumuaga mtu. Nilimbeba mtoto mpaka hospitali kubwa, nikangoja kwenye benchi hadi daktari akanipokea. Nikamweleza kila kitu, redio pia, maana sikuwa na cha kuficha. Akawasha taa ndogo, akachungulia ndani ya sikio.

"Mushikilie kichwa," aliniambia.

Akaingiza koleo nyembamba. Mtoto akapiga yowe. Kilichotoka ni haragwe, limevimba, ganda limepasuka, linanuka usaha. Haragwe! Mtoto alikuwa akishinda mkekani na bibi yake akichambua maharagwe, na watoto wa umri ule kila tundu wanataka kulijaza.

"Na redio, docteur?" niliuliza.

"Ile si radio. Iweke mbali, sauti chini chini, na akisha kulala uizime. Mama, nani alikuambia ni radio bila kuangalia humu ndani?"

Niliomba pamba, nikalifunga lile haragwe ndani yake.

Sikio lilipona. Nilimwonyesha mama mkwe lile haragwe ndani ya kipande cha pamba. Alisema Mungu asifiwe, kisha akaongeza kwamba hata hivyo redio ndiyo iliyolegeza sikio mpaka haragwe likaweza kuingia. Nilirudi dispanseri pia. Infirmiye aliliangalia, akasema, "Basi, sasa umejifunza kuchunga mutoto." Wale wamama wa kanisani hawakurudi kuomba tena, wala kushukuru.

Mume wangu aliirudisha redio siku hiyohiyo niliyomweleza. Aliiweka mezani, akafuta vumbi kwa mkono wa shati. Nilisimama pale nikingoja neno moja tu. Akaniuliza kama chakula kimeiva. Nikampakulia. Lile neno nalingoja mpaka leo, na yeye tumekwisha kumzika.