Kobe na Panzi kwenye Soketi Moja

Ukiingia kwenye ua ule, kitu cha kwanza kukupokea si mtu, ni ubishi. Na ubishi wenyewe ulikuwa wa skuta mbili za umeme zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu chini ya soketi pekee ya nje. Moja nyekundu, nono, yenye kiti kipana kama kochi la wageni. Hiyo ilikuwa ya mwoka keki, mwanamke mfupi aliyejaa, asiyeishiwa unga viganjani, ambaye ua mzima ulimwita Mama Keki. Ya pili ilikuwa nyeusi, nyembamba, imechongoka mbele kama ina hasira. Mwenyewe alikuwa kinyozi wa chumba cha barabarani, mtu mrefu mpaka amezoea kuinama kila mlango, hata ule usiomhitaji kuinama.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Aliiita ile nyekundu Kobe. Mama Keki hakulala na deni hilo, siku hiyohiyo akaibatiza ile nyeusi Panzi, kwa sababu ukivuta mafuta kidogo tu inaruka na kukuacha nyuma na mawazo yako. Mafuta yenyewe haina, lakini watu husema hivyo hivyo.

"Jirani, umefika leo au ni wa jana?" kinyozi alikuwa akimuuliza akimwona anaingia getini polepole.

"Nimefika na viungo vyangu vyote, jirani. Wewe kiuno umekiacha kwenye tuta gani?"

Ua ukacheka, kila mmoja akaenda zake ameshinda.

Kusema kweli Mama Keki alikuwa na sababu ya kumpenda Kobe. Kabla yake alipeleka keki kwa teksi, amezipakata kama mtoto mgonjwa, na kuna moja ilifika imeegemea upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Alipompata Kobe, mambo yakanyooka. Springi laini, breki za upole, na chini ya kiti sanduku ambalo keki ndogo inaingia bila kugusa ukuta. Unaweza kupita kwenye mashimo na krimu isijue kama ilisafiri. Hayo yote aliyasema, tena aliyasema kwa kila mtu, hata kwa waliokuja kuulizia choo.

Jambo ambalo hakulisema ni mlima.

Kobe, akiwa na mzigo, mlima alikuwa hauwezi. Alianza kwa kunung'unika, kisha akapunguza mwendo mpaka watoto wanaotembea kwa miguu wakamwamkia Mama Keki, wakampita, wakamsubiri mbele wamwamkie tena. Na siku moja, akiwa na keki ya ghorofa nyuma, Kobe alisimama kabisa. Mama Keki akashuka, akamsukuma mpaka juu, simu sikioni, akijifanya kwamba ameshuka ili aongee vizuri.

"Ndiyo, ndiyo, nakusikia," alikuwa akiiambia simu iliyozimwa, jasho likimtiririka.

Sasa, soketi ilikuwa moja, na bibi mwenye nyumba alikuwa amechoka kuamshwa kuamua nani amechomeka kabla ya nani. Akaamuru funguo zote mbili zitundikwe kwenye msumari karibu na soketi, ili skuta moja ikijaa, yeyote aisogeze na kuchomeka nyingine. Msumari ule ndio uliozaa mambo yote haya.

Siku ambayo Mama Keki alikuwa na keki nyingine ya mlimani, aliutazama ufunguo wa Kobe. Kisha akautazama wa Panzi. Kinyozi alikuwa ndani na mteja, mashine inanguruma. Mama Keki akautoa ufunguo kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa sindano ya mwenzake kwenye kitambaa.

Mungu wangu, Panzi alipanda! Alipanda ule mlima kama ameitwa na mama yake. Ni kweli kiti kilikuwa kigumu kama benchi la shule, na kila jiwe alilolikanyaga lilipanda mpaka kwenye meno ya Mama Keki. Lakini alifika juu, keki imesimama, hakuna mtoto aliyemwamkia mara mbili. Akarudi, akapangusa unga kwenye kiti kwa upindo wa kanga, akautundika ufunguo, akajikausha. Jioni kinyozi alipoanza kumsifu Panzi wake, Mama Keki alijibu kwa sauti kubwa kuliko siku zote kwamba kile ni chuma kitupu.

Kosa lake lilikuwa vioo vya pembeni. Panzi alikuwa na vioo vilivyotegwa kwa macho ya mtu mrefu, na yeye alipokaa aliona mawingu tu. Alivigeuza aone barabara. Kuvirudisha, akasahau.

Kesho yake alimwona kinyozi amekaa juu ya Panzi, anatazama kioo cha kulia, kisha cha kushoto. Vyote vilikuwa vinamwonyesha tumbo lake. Akavigeuza, akaondoka. Mama Keki akarudi jikoni akiuma midomo asicheke.

Kicheko kilikatika wiki iliyofuata, alipopanda Kobe mwenyewe na kuona mawingu kwenye vioo.

Alikaa pale juu ya kiti chake kipana akiyatazama yale mawingu. Kwa hiyo! Mzee wa Panzi, anayelicheka kochi lake, kumbe kiuno kinamuuma na anajiendea kwa wateja wake juu ya Kobe! Alitaka kupiga kelele ua mzima usikie. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Maana swali la pili lingekuwa: wewe umejuaje habari za vioo, jirani? Akavigeuza, akaenda sokoni kununua mayai.

Wakaendelea hivyo. Mlima, Panzi. Tambarare, kinyozi akawahi Kobe. Na jioni kwenye soketi, matusi yaleyale ya kila siku.

Halafu akaja mama wa bi harusi.

Huyu mama alikuwa ameagiza keki ya harusi ya binti yake, keki ambayo Mama Keki hajawahi kupewa kubwa kama hiyo. Mji mzima ungeila. Juzi yake Mama Keki alikuwa amempelekea ya kuonja, ndogo, ndani ya sanduku la Kobe, mpaka dukani kwa mumewe anakouza misumari na rangi. Sasa mama yule alisimama katikati ya ua na mkoba kwapani, na sauti yake ilikuwa imevaa viatu.

"Mama Keki, nimekuja kukuambia mbele ya watu ili usiseme nimekusengenya. Keki yako nimeiona. Na hii nimeiona juu yake."

Akafungua kitambaa cheupe. Ndani kulikuwa na kipande cha unywele.

Wapangaji wakasogea. Mama Keki akahisi masikio yanawaka. Maisha yake yote ya kuoka alijifunga kilemba mpaka kwenye nyusi. Mwokaji akishaitwa mwenye nywele, afunge tanuri akauze mkaa.

"Mama, huo si wangu."

"Basi ni wa keki? Nimeshaongea na mwokaji mwingine. Nimekuja tu kwa heshima."

Mama Keki alilitazama sanduku la Kobe. Akalifungua. Kwenye kona, mbele ya macho ya wote, palikuwa na vumbi la vinywele kama mtu aliyekung'uta kitambaa cha kunyolea. Akageuza shingo. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake, ghafla ana kazi nyingi ya kupangusa kioo.

Hapo ndipo alipolazimika kuchagua. Angeweza kubaki na sifa za Kobe, akakosa keki. Au abaki na jina la keki, lakini kwanza aumbuke.

"Haya, nisikilizeni," alisema, na sauti ilimtoka kama anang'olewa jino. "Kobe mlima hapandi. Hajawahi. Keki zote za mlimani nazipeleka na Panzi. Nauiba ufunguo msumarini."

Ua ulilipuka. Bibi mwenye nyumba akakaa chini kabisa acheke vizuri.

"Nilijua!" kinyozi akapaza sauti, kitambaa hewani. "Nilijua tu! Unga kwenye suruali yangu, wateja wananiuliza nimekalia nini!"

"Na wewe, jirani, unapanda nini ukienda kunyoa tambarare?"

"Mimi? Nipande Kobe? Bora niende kwa miguu."

"Njoo ukae hapa basi." Mama Keki akapanda Kobe kwanza. "Mama, chungulia kioo hiki hapa begani kwangu. Naona nini?"

Mama wa bi harusi akachungulia. "Mawingu."

"Leo asubuhi hakuvirudisha. Jirani, kaa."

Kinyozi alitafuta pa kukimbilia, lakini wapangaji walikuwa wameshamsukuma. Akakaa. Kwenye vioo vyote viwili barabara ya nje ya geti ilitulia katikati kama picha ukutani. Kibaya zaidi, alipokaa kwenye kiti kile laini alishusha pumzi ya raha bila kukusudia, na kila mtu akaisikia.

"Kiuno," alisema kwa unyonge. "Ni kiuno tu, jamani."

"Kwa hiyo huu ni unywele wa wateja wako?" mama wa bi harusi akauliza, uso umemkunjika. "Wa nani?"

Kinyozi alishika kitambaa, akakisogeza kwenye jua. Kazi ni kazi. "Hebu. Mfupi, mgumu. Shina jeupe, ncha nyeusi ti. Huyu anapaka rangi. Juzi nilikwenda kunyoa mtu mmoja tu, nyuma ya kaunta ya duka la misumari, na huyo bwana..."

"Inatosha!" Mama wa bi harusi alikikunja kitambaa haraka kuliko alivyokifungua, akakitumbukiza mkobani. Miaka yote alikuwa amewaambia mawifi zake kwamba mumewe hazeeki.

"Lakini mama, mwokaji mwingine..." Mama Keki alianza, macho makavu.

"Mwokaji gani? Keki ni ileile, Jumamosi, nyumbani mlimani. Na huyu kinyozi," akamnyooshea kidole, "anyoe kimya kimya."

Jumamosi Mama Keki alimpakia Panzi keki mchana kweupe, akamfunga kamba, akapanda mlima huku wapangaji wanapiga vigelegele getini. Kinyozi alikuwa ameshaondoka na Kobe kwenda kumnyoa baba wa bi harusi, na mara hii alibeba kitambaa chake kwenye mfuko uliofungwa fundo.

Walipokutana tena kwenye soketi, bibi mwenye nyumba aliwauliza mwisho wa yote skuta ipi ni bora.

"Yangu," wakajibu pamoja.

"Yako ni ipi sasa, Mama Keki?"

Mama Keki alikuwa ameshamwinamia Panzi, anageuza vioo.