Matairi Yaliyomzuia Kiboko wa Landless

Kama ulikulia Thika miaka ya tisini, huhitaji kuelezwa tairi ni nini. Kwa watoto wa leo, tairi ni kitu kilicho chini ya gari. Kwetu sisi lilikuwa gari lenyewe. Ulilisukuma hadi viganja vikawa vyeusi, ukapiga honi kwa mdomo, ukakata kona umeinama upande kama dereva wa lori. Jioni Mama alikusugua miguu kwa jiwe huku akiuliza kama ulizaliwa na miguu au na gia.

Tulikaa mtaa wa Landless, pale ploti zilipopakana na shamba la kahawa. Ndani ya shamba hilo kulikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa kiboko mmoja. Hatukumjali, naye hakutujali, mpaka kiangazi fulani kikali nyasi zote zilipokauka. Mahali pekee palipobaki kijani pakawa nyuma ya nyumba yetu, ambapo Mama alimwagia sukuma wiki maji ya kufulia. Na kati ya bwawa na sukuma wiki ile walikuwa kuku wetu.

Walikuwa kumi na saba. Dada yangu mkubwa, Wairimu, aliwapa wote majina. Mmoja aliitwa Mwalimu, kwa sababu alitembea kana kwamba ameweka mikono nyuma, akikagua madaftari.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta waya wa kuku umelala chini, fito zimevunjika, na nyayo pana kama sufuria zimepita katikati. Kuku walikuwa juu ya paa, juu ya mparachichi, mmoja ndani ya karai la nguo. Wawili walikuwa wamekanyagwa. Baba, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, alitumia siku yake ya kupumzika kujenga ua mpya wa mabati ya mapipa, mrefu kumpita kimo. Alipomaliza alipangusa jasho akasema, "Hapa hata ndovu ataomba ruhusa."

Kiboko hakuomba. Siku ya tatu tuliyaokota mabati kando ya barabara, moja limekunjwa kama chapati. Kuku wengine watatu hatukuwaona tena.

Baba alikunywa chai yake. Kisha akasema, "Mama Wairimu, huyu mnyama akirudi tena, hawa kuku wote wanachinjwa. Siwezi kungoja mpaka siku atakanyaga mtoto."

Wairimu aliweka kikombe chini akatoka. Nilimfuata nikamkuta amemkumbatia Mwalimu, akimnong'oneza sikioni. Mpaka leo sijui sikio la kuku liko wapi, lakini yeye alilipata.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Mama Zaituni, aliyewauzia wafanyakazi wa viwandani mahamri. Alizaliwa kando ya mto Tana, na Kiswahili chake kilitufanya tuone haya kufungua midomo. Alikuja kutazama mabati yale, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mwenzangu, mbona mmejenga juu? Kiboko ana haja gani na juu?"

"Sasa tujenge wapi?" Mama akauliza.

"Chini. Kwetu mtu hulaza magogo kuzunguka shamba, yakifika magotini yatosha. Kiboko ana tumbo kubwa na miguu mifupi, hapendi kuinua mguu. Ukimwekea bati, ataliegemea apite. Ukimwekea kitu kizito, kipana, cha chini, atakizunguka."

"Na magogo nitatoa wapi, na hiyo miti yote iko na wenyewe?"

Mama akageuka akatutazama sisi watoto, tuliokuwa tukipita mbio na matairi yetu. Sijawahi tena kutazamwa na mtu kwa mapenzi kama yale.

Jumamosi hiyo watoto kumi na mmoja walimfuata Mama mjini kama jeshi. Mafundi wa kuziba pancha walikuwa na matairi ya lori yaliyokwisha, yamewajazia mahali, nao walifurahi kuyaona yakienda. Tulienda na kurudi mara nne. Mengine yalitupita urefu, hivi kwamba kwa mbali uliona tairi linatembea lenyewe na miguu miwili nyuma yake.

Langu lilinitoroka kwenye mteremko wa kuelekea Kiandutu. Lilivuka barabara, likaruka mtaro, likaingia kwa kinyozi bila kubisha. Mteja alitoka mbio na shuka shingoni, kichwa kimenyolewa nusu. Kinyozi akatokea na mkasi mkononi.

"Hii ni ya nani?"

Sote tuliangalia mawingu. Mama akasogea mbele. "Pole sana, ndugu yangu. Ni ya kuzuia kiboko."

Kinyozi akaweka mkasi mfukoni, akalisukuma tairi lile mwenyewe hadi kwetu, maana alitaka kuona. Mteja alifuata na shuka lake.

Tuliyalaza matairi mawili mawili, moja juu ya jingine, kuzunguka ua wote, tukayajaza mawe na udongo. Kazi ya kushindilia ilikuwa ya watoto: turuke ndani yake tukiimba mpaka udongo ukaze. Tulilala jioni hiyo na vumbi hadi kwenye kope.

Siku tisa baadaye, jua likichomoza, Wairimu alikuwa ndani ya ua akiokota mayai, amevaa sare ya shule. Baba alikuwa ndiyo anafika kutoka zamu ya usiku na baiskeli yake. Kiboko akatokea kwenye kahawa, mweusi, amelowa, bila haraka.

"Wairimu," Baba akasema kwa sauti ya chini, "usikimbie. Chuchumaa hapo."

Kiboko alifika. Akaweka pua juu ya tairi, akapuliza, vumbi likaruka. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Kisha akaanza kutembea kando ya ua, polepole, na upande wa ndani Mwalimu akatembea naye sambamba, hatua kwa hatua. Alipofika mwisho, kiboko alizunguka, akala sukuma wiki yote ya Mama hadi vikonyo, akarudi bwawani.

Mama, akiwa mlangoni, alimpigia makofi. Baba alikaa juu ya tairi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kuku wakae," alisema.

Mvua ziliponyesha kiboko aliacha kuja. Bwawa lilifukiwa miaka mingi baadaye, na leo pamejaa fleti. Nilipomsimulia mwanangu haya, aliniuliza video iko wapi. Mtandao ukikatika dakika tano, huyo huyo hulalamika kwamba ameteseka.

Mama sasa anaishi nasi Ruiru, ghorofa ya nne. Ukuta una nyaya za umeme, geti lina kamera, na mayai huja kwa trei. Kila asubuhi hutoka na chai yake hadi kwenye roshani, akatazama nguo za majirani zilizoanikwa.

"Hapa ni salama sana," husema, kama mtu anayelalamika. Nami husimama kando yake na kikombe changu, na sote wawili tunaiangalia kona ya jengo, kana kwamba kiboko atatokea hapo, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.