Nusu ya Radhi

Memsabu aliitandaza ramani ya Ulaya juu ya meza ya kulia, akaizuia pembe kwa vikopo vya chumvi na pilipili ili upepo wa baharini usiichukue. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia napiga pasi. Safari ile niliijua kabla wenyewe hawajakubaliana.

Vita vilikuwa vimekwisha. Bwana alikuwa na cheo kikubwa bandarini, na kwa kuwa hakupewa likizo muda wote wa vita, sasa alikuwa na miezi mingi ya kupumzika kwa mpigo mmoja. Wangepanda meli Kilindini, wapite Suezi, washuke Marsei. Hapo wachukue gari, waikate Ufaransa, wapande milima ya Uswisi, wateremke Italia, warudi juu hadi Ubelgiji na Uholanzi, kisha wavuke maji waingie Uingereza kwa mamake memsabu. Yote hayo katika majira yao ya joto, ambayo kwa nilivyosikia ni kama kipupwe chetu, ila wao hukivulia nguo.

Waliipanga Ulaya kama watu wanaokwenda kuwinda Tsavo. Mahema mawili, taa za chemli, vitanda vya kukunja, masanduku ya nyama ya kopo, sukari, chai na sabuni, maana huko kwao chakula bado kilikuwa cha kupimiwa. Nilivyosikia hivyo, baada ya foleni zote tulizopanga sisi kungojea unga wa vita, pasi iliteleza yenyewe.

Na kama ilivyo Tsavo, walitaka mtu wa kusimamisha hema, kufua na kuchemsha maji. Mtu mmoja, kwa sababu ndani ya gari, masanduku yakishaingia, kiti kilichobaki kilikuwa kimoja. Memsabu alihesabu. Nami nikahesabu nyuma ya pazia, nikarudia. Kimoja. Akanitaja mimi.

Sikushukuru upesi, anayeshukuru upesi hupunjwa. Nilitaka koti, nikataka viatu, nikataka mshahara wangu apewe mke wangu kila mwezi. Kisha nikaomba na saa ya mkononi, ili apate kitu cha kunikatalia na aone ameshinda. Alinikatalia saa. Mengine nikapata.

Mpishi wa nyumba ile alikuwa jirani yangu Timbwani. Miaka yote tulikula sinia moja jikoni. Naye alikitaka kiti kile, na kukitaka si kosa. Lakini pasi ya makaa, ukiipuliza, jivu lakurudia usoni, na hakuna dobi asiyekohoa. Mpishi akamwambia memsabu kwamba nina kifua kikuu, natema damu, kitambaa nakificha. "Usimwulize, memsabu," akasema, "ataona haya."

Nikaitwa kwenye ngazi za nyuma. Memsabu amesimama juu, mimi chini, na nikipanda daraja moja yeye arudi nyuma hatua moja. Akauweka mshahara wa mwezi juu ya ngazi, akaingia ndani, akafunga. Nilipofika uani nikamwona mpishi amezitia kwenye pipa shuka zote nilizonyoosha tangu asubuhi, anazichemsha, anazikoroga kwa mwiko. Hakuinua macho.

Nilikwenda hospitali. Daktari akanigonga mgongo, akasema vuta pumzi, toa, nenda nyumbani, huna kitu. Nikaomba cheti. Akaniambia cheti hupewa mgonjwa.

Maneno yalifika Timbwani kabla yangu. Pale barazani kwetu palikuwa na muuza kahawa, na vikombe vyake vyote vilioshwa katika ndoo moja. Kila mtu alinywea kilichomfikia. Jioni moja nilipomaliza kunywa hakukitia kikombe changu ndooni. Alikiweka kando, juu ya jiwe.

"Hicho chako, bwana," akasema. "Chako peke yako." Alisema kwa upole, kama mtu atoaye tuzo.

Shemeji yangu akaacha kuwaleta wanawe kwangu. Nyumba za Wazungu nilizibishia hodi zote, na kila nilikobisha mpishi wa humo alikuwa amekwisha kusikia. Mtu asiyetakiwa kugusa nguo za watu atakuwaje dobi? Basi nikaapa. Sikuapa kumpiga yule jirani yangu mpishi, maana mtu akipigwa huonewa huruma, na mimi huruma sikutaka imfikie. Nilitaka kinywa kile kile kiseme, mbele ya wale wale walionitengea kikombe, kwamba mimi ni mzima. Sikuwa na la kumlazimishia. Nikangoja.

Naye, kiti kikiwa chake, akawa kila jioni aipanga safari barazani. Alinunua koti la jeshi kwa askari aliyeachishwa, akawa alivaa ili mwili ulizoee, jasho lamtiririka mpaka kwenye kikombe. Mkewe akakaanga visheti vya kujaza debe. Mpishi akampelekea mwalimu wa madrasa vichache, akamwuliza habari ya Ramadhani, maana mwaka ule ingewakuta huko, kwenye nchi ambazo jua lachwa sisi tumekwisha kulala. Mwalimu akamwambia msafiri ana ruhusa, atalipa akirudi.

"Italia!" mmoja akadakia. "Si hao tuliowapiga juzi?"

"Ndio hao. Naenda kuwatazama kama wamepona."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, peke yangu, upande wa jiwe langu.

Sasa, mtu wa kwetu hasafiri mbali bila ya kuomba radhi. Hupita nyumba kwa nyumba: nimekukosea kwa kujua na kutojua, nihalalishie. Naye huambiwa nimekusamehe, nenda salama, hata kabla hajamaliza. Mpishi aliianza Timbwani akaimaliza, akaenda mpaka Shika Adabu kwa watu aliowajua kwa sura tu. Alibisha kwa jirani yangu wa kulia. Alibisha kwa jirani yangu wa kushoto. Kwangu alipita kama pana shimo.

Kilichomrudisha ni mwalimu. Mpishi alimwuliza kama yatosha kuniombea dua kwa mbali, mwalimu akamjibu mbele za watu kwamba Mungu husamehe haki Yake, lakini haki ya mtu iko kwa mtu mwenyewe, na akifa baharini ataondoka nayo. Mpishi hakujua kuogelea. Na mabaharia walikuwa wakisimulia mabomu ya vita yaliyokuwa bado yaelea huko mbele.

Alikuja baada ya alasiri, na fuko la sukari mkononi.

"Hodi."

"Kaa hapo hapo mlangoni, usije ukaambukizwa."

"Ndugu yangu, naja kukuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya mambo. Ya kujua na ya kutojua."

"Ya kutojua nimekusamehe yote. Haya, yataje ya kujua."

"Mbona wayajua?"

"Mimi mgonjwa, bwana, kichwa hakishiki. Nitajie."

Alihamisha fuko mkono huu mpaka huu. "Nilisema una kifua."

"Na ninacho?"

"Huna, wallahi."

"Hilo waniambia mimi, niliyekuwa nikilijua. Kawaambie wasiolijua."

"Nikilisema barazani litamfikia memsabu, na kiti kitakwenda. Nionee huruma."

"Basi usiseme neno. Kesho njoo kwenye kahawa. Nitakunywa nusu, wewe utamaliza nusu, kikombe kile kile cha jiweni. Sitaki zaidi."

Uso ulimnawiri. Aliona amepata bei rahisi. Akaniachia na sukari, nami nikaipokea, maana sukari haikuwa na kosa.

Kesho yake baraza lilijaa. Nilikunywa nusu, nikamnyoshea.

"Bwana mpishi," muuza kahawa akasema, deli lake la kahawa mkononi, "si wewe uliyeniambia nikitenge hicho?"

Mpishi akafumba macho, akakimaliza kwa funda moja, akapangusa mdomo. Akanitazama kama mtu aliyelipa na sasa angojea bidhaa.

Nikainuka, nikakung'uta kanzu. "Mmeona nyote? Amekunywa kikombe changu. Basi ngoja nipite kwa memsabu nikamwonye. Yeye na mumewe hawana kosa, wasije wakalala hema moja na mtu aliyeambukizwa."

Alinishika kanzu kwa mikono miwili. Koti lile la jeshi lilimpanda mpaka masikioni.

"Usiende! Huna kifua! Jamani huyu hana kifua, mzima huyu, wallahi mzima kuliko mimi! Ni mimi niliyesema, nilisema uongo!"

"Sauti," nikamwambia. "Mzee wa pembeni pale hasikii vizuri."

Akarudia. Alirudia kwa sauti iliyowatoa wanawake madirishani. Muuza kahawa alikichukua kikombe changu, akakitazama, akakitumbukiza ndooni pamoja na vingine, kisha kwa aibu akanimiminia kingine bila kunidai. Nilikunywa polepole. Kahawa tamu kuliko hiyo sijapata mpaka leo.

Kwa memsabu sikwenda. Angenisikiaje, na milango yote ile? Wala maneno ya barazani hayakumfikia. Ila haja yangu ilikuwa imetimia, na kabla ya mwezi kwisha nikapata kazi Magongo, kwa dobi mmoja aliyekuwa na meza kumi na pasi nzuri.

Lakini pale pale barazani mpishi alisema, "Sasa radhi yangu."

"Ya kifua, nimekusamehe. Ya safari, bado."

"Bado vipi? Tulipatana!"

"Hebu hesabu nami. Ulinichafua jina, hilo moja. Ukakalia kiti changu. Hilo la pili. La kwanza umelilipa leo. Hesabu tena kama nimekosea."

"Radhi haikatwi nusu!" Akamgeukia mwalimu.

Mwalimu akakuna ndevu zake. "Mwenye haki hutoa atakacho," akasema, na sikumwona tena mpishi akimpa visheti.

Asubuhi ya kuondoka alikuja tena, na koti lake na debe lake.

"Nipe ile nusu, ndugu yangu. Meli yangoja."

"Nawe nipe safari."

"Safari ni ya memsabu."

"Basi na radhi kaiombe kwa memsabu."

Akaenda. Sikutoka kumwangalia. Nilikuwa napiga pasi nguo za watu.

Miezi ikapita, akarudi amekonda. Siku ya kwanza tu alikuja kwangu na zawadi: glavu za sufu, kutoka Uswisi. Katika nchi hii! Nilizipima, nikamshukuru, na siku ile ile nikamwuzia mchukuzi wa barafu; mpaka leo sijui mtu mwingine wa Mombasa ambaye zingemfaa.

Mpishi akakaa, akasema hajalala vizuri tangu Kilindini. Bahari ikichafuka kidogo, anikumbuka. Gari likipinda ukingoni mwa mlima, anikumbuka.

"Na Italia?" nikamwuliza.

"Hata Italia. Hema liliruka na upepo, nikajua ni wewe."

"Uholanzi?"

"Mvua siku zote. Nilikukumbuka."

Nikamfanya anitajie nchi moja moja kwa mpango wake, kama zilivyokuwa kwenye meza ya memsabu, na kila moja nikaiuliza mara mbili. Hapana hata moja ambayo hakunipeleka. Nauli yangu alikuwa ameilipa yeye, usiku kwa usiku, na mimi nimelala kwangu Timbwani.

Alipomaliza akanitazama kwa macho mekundu. "Na sasa, ndugu yangu?"

Nikamwambia safari imenipendeza sana. Kesho aje anisimulie tena, aanze Marsei.