Nilivyowatoza wazazi mpunga ili mwandishi aje kwenye maktaba ya shule, Mwalimu Mkuu akaitwa Halmashauri

Wakuu, habari za humu ndani.

Naanza na kosa lenyewe, ili asiye na muda wa kusoma mpaka chini aondoke nalo: niliandika jina la Mwalimu Mkuu chini ya tangazo ambalo yeye hakuwahi kuliona.

Mengine yote yalianzia hapo.

Nasimulia kama lilivyokuwa, bila kujipaka mafuta. Wa Ifakara humu baadhi watanitambua, na sina shida, nusu ya kata inaijua hii habari. Jina la shule tu ndilo sitalitaja.

Mimi niliishia kidato cha nne. Nafanya kazi steshenari mjini: kuchapa barua, kutoa kopi, kuprinti matangazo ya watu. Nikipata nafasi najitolea kwenye maktaba ya shule ya msingi moja njia ya kwenda Idete.

Ukutubi sijausomea popote. Nimejifunza kwa video za bure kwenye simu. Kupanga vitabu kwa namba, kubandika lebo mgongoni, kushona vilivyochanika.

Nina ugonjwa mmoja. Kitu kikipinda kidogo, moyo hautulii. Lebo ikikaa upande naibandua naanza upya. Mwalimu mmoja pale aliwahi kuniambia, "Dogo, ukioa mkeo atakukimbia kwa ajili ya mpangilio wa vikombe."

Basi.

Kuna dada anaandika vitabu vya watoto, anaishi Morogoro mjini. Nilimtumia meseji nikiwa sitegemei jibu. Akajibu. Akasema yuko tayari kuja kukaa na watoto siku nzima, awasomee, awaonyeshe hadithi inavyoanza mpaka inakuwa kitabu. Malipo hataki. Tumsaidie nauli tu.

Nilikimbia kumwambia Mwalimu Mkuu. Ni mama mtu mzima, sote tunamwita Madam. Alifurahi kweli. Kisha akavua miwani.

"Aje, karibu sana. Ila nisikilize. Mchango usiguse. Kamati ya shule ikae kwanza, tuombe kibali. Siku hizi mwalimu mkuu anavuliwa madaraka kwa kuchangisha ndoo ya mahindi."

Nikasema, "Sawa Madam."

Na nilimaanisha. Shida ni kwamba nilirudi steshenari nikaanza kuota.

Huyu ni mwandishi, wakuu. Mtu ambaye jina lake liko kwenye jalada. Atalala wapi? Nikamtafutia gesti nzuri yenye maji ya moto. Nikachora bango kubwa lenye picha yake. Soda na keki kwa watoto wote. Kila nikiangalia ile ratiba naona kuna kitu kimepungua, naongeza.

Nauli tu ikawa sherehe.

Huku kamati haikai. Ulikuwa msimu wa mavuno, wajumbe wamehamia mashambani. Na mavuno ndiyo wakati pekee ambao karibu kila nyumba bondeni ina kitu ndani. Ukichelewa, mpunga umeshauzwa, kila mtu analia njaa. Nikawaza: wazazi wakiuleta sasa nauuza, gharama zote zinatoka, Madam atakuta mambo yamekamilika.

Nikakaa kwenye kompyuta.

Hapa ndipo kazi yangu iliponiponza. Kila siku nachapa matangazo ya serikali za vijiji na mashule mpaka lugha yake imeniingia kichwani. Mkono ukaandika wenyewe: kila mwanafunzi alete kisado kimoja cha mpunga kwa ajili ya ugeni wa mwandishi, mwisho Ijumaa, BILA KUKOSA.

Hiyo "bila kukosa" niliikoza kwa sababu ilipendeza. Nawaapia, hakuna sababu nyingine.

Chini palikuwa patupu. Tangazo lisilo na jina chini lilinikera, likawa kama shati lisilo na kola. Nikaweka jina la Madam na cheo chake. Nikalipiga picha, nikalituma kwenye grupu la WhatsApp la wazazi.

Nilipanga kumwambia kesho yake asubuhi. Asubuhi nafika, ofisi imefungwa. Amekwenda Mlimba msibani. Napiga simu, haipatikani.

Watoto wakaanza kuja na mpunga.

Wengine kwenye vindoo, wengine kwenye mifuko ya shule, daftari zimechanganyika na mpunga. Nikajaza magunia, nikayapanga maktabani, yamenyooka kama vitabu. Wakuu, nilifurahi. Naandika hili kwa aibu lakini nilifurahi sana.

Kisha ikaingia sauti kwenye grupu.

Ni baba mmoja mfugaji, Msukuma, binti yake yuko darasa la nne, anaitwa Kabula. Baba Kabula anaongea polepole, nyuma unasikia kengele za ng'ombe.

"Walimu, shikamooni. Mimi shamba langu lilizama na mafuriko, mpunga sina hata wa kula kuku. Mtoto hataki kuja shule. Amejificha na ndama, anasema atafukuzwa mbele ya wenzake. Mimi nina ng'ombe tu hapa. Nikimkamua huyu ng'ombe utatoka mpunga?"

Watu wakacheka kwa zile alama za machozi.

Mimi sikucheka. Kabula ni mtoto anayekuja maktabani kila siku, ananyoosha vitabu kabla sijamwambia. Nilikuwa sijagundua kwamba hayupo. Nilikuwa bize na magunia.

Nikabonyeza kufuta tangazo kwa wote. Simu ikakataa, muda wa kufuta ulishapita.

Jioni ile tangazo likatokea kwenye magrupu mengine. Kijiji jirani. Grupu la bodaboda. Mtu kaandika juu yake: "Michango ya lazima imerudi, huyu mkuu ajiandae." Mwingine: "Ripoti juu." Mwingine ameshaitaja ofisi ya kuripoti.

Hapo nikaelewa nimefanya nini. Hakuna aliyekuwa ananitukana mimi. Wote walikuwa wanamtukana Madam, mtu aliye msibani, ambaye simu yake haijashika mtandao.

Nilimwuliza bosi wangu pale steshenari, kijuujuu tu, eti mtu akiandika jina la mtumishi wa serikali bila ruhusa inakuwaje. Hakuinua hata uso.

"Hiyo ni kughushi. Watu wanalala ndani." Kisha akainua uso. "Kwa nini unauliza?"

Nikasema kuna mteja.

Madam aliporudi alikuja maktabani moja kwa moja, bado amejifunga kitenge cha msiba. Akaangalia magunia. Akanionyesha simu.

"Hili umeliandika wewe?"

"Ndiyo, Madam."

Nilisubiri anifokee. Alilisoma taratibu mpaka chini, kwenye jina lake.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hata mimi ningeamini."

Wakuu, bora angenipiga.

Akasema kesho anatakiwa Halmashauri. Mimi nikae nyumbani, nisiongee na mtu yeyote. Akatoka. Alisahau kufunga mlango, na si kawaida yake.

Asubuhi sikukaa nyumbani. Nilifunga begi nikaenda stendi. Nina mjomba Kidatu, nilijua atanitafutia kibarua kwenye miwa, nikae huko mpaka wasahau. Nilipokuwa nasubiri gari nikaona angalau nimpigie yule dada wa Morogoro, nimwambie safari imefutwa.

Nikamweleza, kwa kukatakata. Mpunga, gesti, bango, keki.

"Gesti?" akasema. "Nani alikuambia nataka gesti? Mimi nimekulia Kilosa, mdogo wangu, nimelala kwenye mkeka na mbuzi. Nilisema nauli."

"Nilitaka iwe nzuri, dada."

"Na huyo mwalimu wako yuko wapi sasa hivi?"

"Halmashauri."

"Na wewe uko wapi?"

Konda alikuwa anaita Kidatu, Mikumi, Kidatu. Aliisikia mwenyewe, sikuhitaji kujibu. Hakukata simu.

Nikapanda boda kwenda Halmashauri.

Sikuwa jasiri, msinielewe vibaya. Njia nzima nilikuwa naomba tairi ipasuke.

Pale nje ya ofisi kuna benchi. Mlango ulikuwa wazi nusu, nikasikia sauti ya Madam akimjibu afisa.

"Tangazo lina jina langu, mzee. Nitawajibika mimi."

Hakunitaja. Angeweza kunitaja kwa neno moja tu na akapona.

Nikaingia bila kubisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeandika tangazo. Madam alinikataza kabla. Alikuwa msibani, hajui chochote."

Yule afisa akaniangalia, akamwangalia Madam, akarudi kwangu.

"Umeajiriwa na nani?"

"Sijaajiriwa. Najitolea."

"Kwa hiyo huna mshahara nikukate, huna cheo nikuvue. Sasa mimi nikushike wapi?" Akachukua simu iliyokuwa mezani. "Nikiwapigia polisi hapa, unajua utalala wapi leo?"

Nikasema najua.

Akaiweka simu chini.

Aliamua mambo mawili. Mpunga wote urudishwe, mbele ya wazazi, na mimi ndiye niurudishe kwa mkono wangu. La pili ni onyo la maandishi kwa Madam. Nilijaribu kuingilia, akanikata: "Shule ni yake. Kama mtu anaweza kutoa amri kwa jina lake na yeye hajui, hiyo pia ni kazi iliyomshinda."

Madam alisema, "Nimekuelewa mzee." Tulirudi kwa boda mbili tofauti.

Siku ya kurudisha mpunga sitaisahau. Wazazi wamekuja na ndoo zao, mimi nimesimama na kisado napima. Maneno yakawa mengi.

"Karani wa mpunga, jaza vizuri, usinipunje!"

"Wangu ulikuwa mweupe kuliko huu!"

"Huyo mwandishi anakula mpunga mbichi au?"

Kichekesho ni kwamba kweli ulikuwa umechanganyika, mpunga mzuri na mbaya, na hakuna namna ya kuutenganisha. Kwa mtu kama mimi hiyo peke yake ni adhabu.

Baba Kabula alikuja na fimbo yake ya kuchungia, hana cha kuchukua. Nilimwamkia, nikaanza kuomba msamaha. Akanizuia, akiniita mwanangu kwa Kisukuma.

"Mimi ni mtu mzima, ng'wanawane, hayo yananipita. Mwambie mwenyewe." Akamsogeza binti yake mbele.

Nikachuchumaa.

"Kabula, hakuna atakayekufukuza. Nilikosea mimi."

"Mpunga siyo lazima?"

"Siyo lazima."

Akafikiri. "Na mwandishi haji tena?"

Nikamwangalia Madam. Naye akaangalia pembeni.

Kamati ilikaa baada ya mavuno. Kibali kikaombwa, kikapatikana. Mzazi aliyetaka kuchangia nauli alikwenda mwenyewe kwa mweka hazina wa kamati, na hakuna mtoto aliyeulizwa kitu mstarini.

Dada akaja. Alilala nyumbani kwa Madam. Bango halikuwapo, keki haikuwapo. Watoto walikaa chini kwenye sakafu, akawasomea, wakamuuliza maswali ambayo sikuwafundisha. Mimi siku nzima nilikuwa mlangoni, nasubiri kiharibike kitu.

Hakikuharibika kitu. Lakini sikuifaidi ile siku, na sina wa kumlaumu.

Nilichojifunza: mwulize mgeni anahitaji nini kabla hujaanza kumtafutia pesa. Na unapotafuta pesa kwa ajili ya watoto, usizipitishe mikononi mwa mtoto. Yeye haelewi neno mchango, anaelewa kwamba wenzake wana kisado na yeye hana.

Ninyi mnaosimamia maktaba za shule za serikali, ugeni wa waandishi mnaugharamiaje bila kuwagusa wanafunzi? Nifundisheni, nataka kujua kwa dhati. Wenye matusi nao karibuni, hayawezi kuzidi ya kwenye grupu la wazazi.

Kilichobadilika ni hiki. Madam bado ni Mwalimu Mkuu, ila onyo liko kwenye faili lake, na halitatoka. Kabula anakuja shule. Ufunguo wa maktaba hauko kwangu tena: nauomba ofisini, nafungua, na nikimaliza naurudisha mezani kwa Madam.